Mtutu wa Delphia Stamper

Nilimcheka Delphia Stamper. Nalisema mapema kwa sababu hapa Pigeon Fork kila mtu anajua nilimcheka, na nikijifanya nilikuwa upande wake tangu mwanzo watanizomea mpaka nihame kaunti.

Ilikuwa Januari, kwenye mkutano wa klabu, mara tu Thurman Ison alipomaliza kusoma kanuni mpya. Thurman ndiye mwenyekiti wetu na msimamizi wa mstari wa kulengea, mtu mwenye sauti ya mhubiri na moyo wa karani. Klabu ina mabenchi kumi chini ya paa la bati, na watu zaidi ya thelathini wako kwenye orodha ya kusubiri, wengine wa kutoka mjini wenye bunduki za bei ya gari. Basi kamati ikaamua hivi: kwenye mashindano ya Septemba kila mwenye benchi atapiga vidoa ishirini na tano kwenye karatasi moja, yadi hamsini, kila kidoa alama kumi ukipiga katikati, zikipungua kadiri unavyokwenda pembeni. Ukikosa kidoa chochote huna haki ya kulia. Asiyefika mia mbili arobaini anampisha anayesubiri.

Watu wote wakageuka kumtazama Delphia wa benchi namba tisa. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata mia mbili ishirini na moja, na siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti.

"Delphia," nikamwambia, "hiyo bunduki yako hata kunguru hawaiogopi. Wanajua mahali salama ni pale unapolenga."

Watu wakaangua kicheko. Delphia akasubiri mpaka kikatulia.

"Na yako, Clovis, ingekuwa na miguu ingekwenda kutafuta mtu wa kuishika."

Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka shingo upande.

Bunduki yake ilikuwa ya kuwindia kindi, ya risasi ndogo ya kipimo cha ishirini na mbili, aina ambayo kila nyumba katika milima hii ya Kentucky inayo. Ilitoka kiwandani pamoja na maelfu ya dada zake, akainunua dukani kati ya misumari na mbegu za nyanya. Yangu ilitengenezwa na fundi mmoja wa Ohio kwa miezi saba, mtutu mnene, mbao ya jozi, na kila mtu niliyekutana naye alisikia habari zake apende asipende. Mdomo wangu hauna breki. Mke wangu, Mungu ampe subira zaidi, hulisema hilo hata kanisani.

Baada ya mkutano nilimkuta Delphia kwenye gari lake akiwasha joto. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, amestaafu upishi wa shule. Nikaegemea dirisha.

"Mama, kanunue bunduki ya maana, yaishe."

"Naitaka hii hii."

"Kwa nini? Ni kichuma cha kiwandani."

"Sijaijua bado, Clovis. Nimeipiga miaka kumi na mmoja bila kuijua. Hiyo aibu ni yangu, si yake." Akafunga mkanda. "Nimewapikia watoto wa kaunti hii miaka ishirini na minane. Wamekula, wameondoka, mimi nimesimama. Benchi namba tisa ndipo mahali pekee duniani ninapokaa chini. Sitoki."

Akapandisha kioo, akaniacha kwenye theluji.

Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na kijito tu, kwa hiyo majira yote ya baridi nilikuwa napitapita kwake. Nilijiambia nakwenda kumcheka. Kwanza alianza na risasi. Alikusanya aina kumi na moja, akapiga tano tano za kila aina kwenye karatasi, akaandika jina pembeni na kuzibandika ukutani jikoni kama picha za wajukuu. Aina moja ilitawanya matundu kama mtu anayerushia kuku mahindi. Nyingine, ya bei ya chini kuliko zote, iliyakusanya. Alipoipata akaenda kutafuta maboksi mengine ya jina lile lile, rangi ile ile, na hayo yakapiga ovyo.

"Ndiyo hayo hayo!" nikasema. "Umechoka tu."

"Tazama namba ya toleo." Akaniwekea maboksi mawili mbele. Kweli, namba zilizogongwa kwenye kifuniko zilikuwa tofauti. "Unga wa kiwanda kimoja, gunia jingine, mkate haufanani. Wapishi wanalijua hilo, ninyi maseremala hamlijui."

Akazunguka maduka ya kaunti tatu mpaka akapata maboksi manane ya namba ile aliyoipenda bunduki. Nasema aliyoipenda bunduki, kwa sababu katika risasi hizi ndogo si wewe unayechagua.

Kisha akaingia kwenye chuma. Mimi ningefanya yote kwa wikiendi moja, nakiri, ndivyo nilivyo. Yeye alifanya jambo moja, akaenda kupiga matundu matano matano mara sita, akarudi, akatulia wiki nzima, ndipo akagusa jingine. Nilikasirika kama vile bunduki ni yangu.

"Fanya yote kwa pamoja, mama! Septemba inakuja!"

"Nikitia chumvi, siki na pilipili kwa mkupuo mmoja, nitajuaje kilichoharibu supu?"

Alichukua noti ya dola moja akaipitisha kati ya mtutu na mbao. Ilipaswa kuteleza hadi mwisho, lakini ikakwama katikati. Maana yake mbao ilikuwa inausukuma mtutu, leo hivi, kesho kukiwa na unyevu vile. Akaviringisha msasa kwenye mpini wa mwiko, akakaa kusugua taratibu jioni tano mpaka noti ikapita bila kusita. Halafu mahali ambapo chuma kinalala ndani ya mbao akaona hakilali sawa, kinayumba kama meza ya mgahawa. Akakipaka chuma rangi ya viatu ili kisinate, akajaza gundi nzito ya kuchanganya, akakilaza, akaacha usiku mzima. Asubuhi kikatoka na kuacha umbo lake kamili. Nilipitisha kidole pale na nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Skrubu mbili zinazokaza chuma kwenye mbao alizijaribu kwa spana ya kupimia nguvu aliyoazima gereji. Akakaza kidogo, akapiga, akaongeza, akapiga, akaongeza tena, matundu yakatawanyika, akarudi nyuma hatua moja. Alipoipata nguvu yenyewe akaweka alama ya rangi ya kucha, nyekundu, nusu kwenye skrubu na nusu kwenye chuma, ili ikilegea aione. Kifyatulio kilikuwa kizito mno, ukikivuta bunduki nzima inakufuata. Akabadilisha springi, akapima kwa mizani ya samaki. Mwisho kabisa mdomo wa mtutu, pale risasi inapoagana na chuma. Aliukagua kwa kioo cha kukuzia, akaona kikwaruzo kidogo kuliko unywele, akakisugua kwa kichwa cha skrubu ya shaba na dawa ya kung'arishia, akizungusha, akizungusha, mpaka kikaisha.

Januari matundu yake matano yalikuwa na upana wa kikombe cha chai. Aprili yalikuwa na upana wa kifuniko cha soda. Agosti aliniita ng'ambo ya kijito, akaniwekea karatasi mezani, akaifunika kwa sarafu ya senti kumi, ile ndogo kuliko zote. Sikuona tundu hata moja. Akaiondoa sarafu, yakatokea yote matano yamekumbatiana.

"Bahati," nikasema.

Akaweka karatasi ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Haya," nikasema, "basi si bahati." Kwangu mimi hayo ni maneno makubwa, na alijua. Ukweli nilikuwa nimeanza kumheshimu tangu ile gundi, ila sikuwa nimepata namna ya kulitamka bila kujiumiza.

Sasa nimtaje Jarvis, mkwe wake, mume wa binti yake Renita. Alikuwa sajini jeshini, miaka kumi na mmoja. Alirudi mwaka uliotangulia bila vidole viwili vya mkono wa kushoto na bila maneno. Renita anashinda kazini kliniki, kwa hiyo Jarvis alikuwa anashinda kibarazani kwa Delphia, anatazama barabara. Ukimsalimia anajibu, "Salama, mzee," basi. Delphia alimwekea chakula, akakiondoa, akamwekea kingine. Hakuwahi kumhimiza. Mimi nilimhimiza mara moja, nikamwambia kijana mwenye nguvu zake hawezi kukaa kama mto wa kochi, na Delphia alinifukuza kwa ufagio. Sitii chumvi. Kwa ufagio.

Jumamosi ya mashindano kulikuwa na jua na upepo mwepesi wa kushoto. Riboni kwenye vijiti vya uwanjani zilikuwa zinalala na kuamka. Delphia alifika na Jarvis, na hilo lilitushangaza, maana Jarvis hakuwa amefika mahali penye watu tangu arudi. Amenyoa. Alibeba sanduku la bunduki mwenyewe, akaliweka juu ya benchi namba tisa kwa uangalifu, kisha akarudi kusimama nyuma ya kamba na watazamaji. Nilikuwa benchi namba nane, pembeni yake kabisa.

"Leo nitakuonea huruma, mama," nikamwambia.

"Jihurumie mwenyewe. Kola yako imekaa upande."

Thurman akapaza sauti: dakika ishirini, mazoezi kwenye vidoa vya chini bila kikomo, na kama kawaida, mwenye kasoro ya bunduki aseme kabla hajapiga kidoa cha kwanza cha alama. Kanuni yetu ndiyo hiyo. Ukiinua mkono ukataja kasoro, Thurman anairudia kwa sauti watu wote wasikie, inaandikwa ubaoni, nawe unahamishiwa kundi la saa nane mchana. Tuliweka iwe hadharani kwa sababu zamani watu walikuwa wakiona upepo mbaya ghafla bunduki zao zote zinaugua.

Filimbi ikalia. Delphia akapiga risasi tatu za mazoezi. Nilikuwa nimemaliza ya kwanza yangu, nikachungulia karatasi yake kwa darubini, kwa sababu mimi ni mchunguliaji. Moja ilikuwa juu kushoto. Ya pili chini kulia, mbali, kama miaka ya nyuma. Ya tatu ilikuwa nje ya kidoa kabisa.

Akafungua komeo la bunduki, akainamisha pua na kunusa. Hata mimi ikanifikia, harufu kali ya dawa ya kusafishia.

"Mtutu umeoshwa," akanong'ona.

Hapa lazima nieleze jambo moja, na wapigaji wanivumilie. Risasi zetu hizi ndogo zimepakwa nta. Nta inaacha utando mwembamba ndani ya mtutu, na juu ya utando huo ndipo risasi zinakwenda sawa. Mtutu mchafu kwa nta ya risasi zake ni mali. Ukiusafisha mpaka chuma kitupu, risasi ishirini au thelathini za kwanza zitakwenda zinakotaka. Hapa Pigeon Fork mtu anaweza kumsamehe jirani aliyemgongea ng'ombe, lakini hakuna anayegusa mtutu wa mwenzake kwa kitambaa mkesha wa mashindano. Jeshini ni kinyume chake. Kule bunduki chafu ni fedheha, unaadhibiwa, na pengine unakufa.

"Nani?" nikanong'ona.

Akageuza kichwa nyuma ya kamba, nami nikageuka. Jarvis alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, na alipoona mama mkwe wake anamtazama akatabasamu. Sikuwahi kumwona kijana yule akitabasamu. Akainua kidole gumba cha mkono ule wenye vidole vitatu.

Ijumaa jioni Delphia alikuwa kanisani akipikia msiba. Kijana alikuwa amebaki peke yake na ile bunduki, na baada ya mwaka mzima wa kutazama barabara, akainuka kufanya kitu kwa mikono yake, bila kuambiwa na mtu, kwa ajili ya mtu.

Haya yote niliyaelewa baadaye. Pale pale nilielewa kitu kimoja tu, kwamba benchi namba tisa linaondoka.

"Inua mkono!" nikamwambia kwa kunong'ona, na kunong'ona kwangu ni sawa na watu wengine wanaposema. "Sema mtutu umeoshwa. Thurman atakupeleka saa nane. Utarudi nyumbani uchukue risasi nyingine, uuchafue vizuri!"

"Sikuja na zaidi ya hili boksi."

"Ndiyo maana nakwambia nenda nyumbani! Inua mkono!"

"Na Thurman atatangaza nini, Clovis?"

"Atatangaza kwamba mtutu..."

Nikakwama. Atatangaza kwa ile sauti ya mhubiri kwamba mtu ameosha mtutu wa Delphia Stamper. Watu mia watauliza nani, na watapasuka mbavu, na nyuma ya kamba kuna kijana mmoja aliyenyoa ndevu leo.

"Mama, ni benchi lako," nikasema. "Ni benchi lako, miaka kumi na mmoja."

"Nyamaza, Clovis. Piga yako."

Akashika risasi ya nne, akaiingiza, na badala ya kulenga karatasi akalenga ukingo wa udongo chini yake. Akapiga. Akatoa ganda, akaingiza nyingine, akapiga udongo. Hakuharakisha. Ukiharakisha mtutu unapata moto na kazi inaharibika. Nusu dakika kwa kila risasi, ya tano, ya sita, ya saba, akipaka nta ndani ya chuma kwa namna pekee iliyokuwepo, na boksi likipungua. Nilitaka kumpa zangu, lakini zilikuwa za aina nyingine, na nta za aina mbili katika mtutu mmoja hazipatani. Hata wema wangu ulikuwa hauna kazi.

Nyuma watu wakaanza.

"Mama anawinda minyoo!"

"Delphia, shabaha ni ile nyeupe!"

Alipiga udongo mara kumi na tisa, nami nilihesabu kila moja kama mtu anayehesabu meno yake yaking'olewa. Halafu akarudi kwenye vidoa vya mazoezi, akapiga tatu. Ya kwanza ikagusa ukingo wa kidoa. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia kwenye tundu la ya pili.

Mtutu ulikuwa umerudi. Lakini kwenye boksi la hamsini zilikuwa zimebaki risasi ishirini na tano, na kwenye karatasi kulikuwa na vidoa ishirini na tano. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika sita.

Basi nikaona kitu ambacho nitakisimulia mpaka wajukuu wanikimbie. Wengi wetu hapa, tukibanwa na muda, tunajikaza, mabega yanapanda, na kifyatulio tunakivuta kama kamba ya ndoo. Delphia mabega yake yalishuka. Mkono mmoja ulichukua risasi, ukaiingiza, shavu likalala kwenye mbao, jicho likatazama riboni mara moja tu, kidole kikavuta. Kidoa kinachofuata. Riboni ikiamka alisubiri pumzi mbili, ikilala alipiga. Alikuwa mwepesi bila haraka, kama mtu anayepakulia watoto mia tatu kabla kengele haijalia, kila sahani sawa, hakuna tone linalomwagika. Nilikuwa na karatasi yangu ya kumaliza, nikaiacha. Niliangalia tu. Nilijisikia kama mtu aliyeishi kando ya kijito miaka yote bila kujua kina samaki.

Kidoa cha ishirini kikapita. Ishirini na moja. Kwenye cha ishirini na mbili upepo ukamgeuka akiwa ameshavuta, nikauona ule upotovu, nikatukana na Thurman akanikemea. Hakutikisika. Tatu zilizobaki akazipiga filimbi ikiwa tayari mdomoni mwa Thurman. Boksi likawa tupu. Nilikumbuka yangu, nikamalizia kwa papara vidoa vyangu vya mwisho.

Karatasi zikaletwa. Thurman alikagua kila tundu kwa kile kichuma chake cha kupimia, akikitia mara mbili kwenye matundu yenye shaka, akiandika, akijumlisha kwa midomo. Delphia aliketi kwenye benchi lake, mikono mapajani. Hakuinuka. Nadhani alitaka, kama ni mara ya mwisho, aimalize amekaa.

"Benchi namba nane, Clovis Hensley, mia mbili arobaini na moja." Na usiniulize kwa nini nilipata alama hiyo na ile bunduki ya Ohio. "Benchi namba tisa, Delphia Stamper." Akavua miwani, akaivaa tena. "Mia mbili arobaini na mbili."

Sikumbuki nilisema nini, mke wangu anasema ilikuwa kelele tu. Ninachokumbuka ni Jarvis akiruka kamba, jambo lililokatazwa, na kumkumbatia mama mkwe wake mpaka kofia ikamtoka.

"Nilijua!" akasema. Alisema kwa sauti, maneno mengi kwa mpigo, kama bomba lililozibuka. "Nilijua, Mama! Jana ulipokwenda kanisani niliusafisha mtutu wote. Ulikuwa mchafu, hujui tu! Vitambaa arobaini nimetumia, mpaka cha mwisho kikatoka cheupe. Nikasema sitamwambia, acha aone mwenyewe kwenye shabaha!"

Watu wakatazamana chini ya lile paa la bati. Wanaume tisa wenye mabenchi, wote wanajua nta ni nini. Niliona ukweli ukiwaingia mmoja mmoja: risasi za udongo, ile minyoo waliyoichekea, dakika sita. Thurman alifungua mdomo. Na mimi, Bwana anisamehe, mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nilitaka dunia nzima ijue alichokifanya mwanamke yule, alichokibeba, na kwamba hakuna kati yetu angeweza.

Delphia akatutazama. Alitupitia mmoja baada ya mwingine kwa lile jicho la foleni ya chakula, lililonyamazisha watoto wa kaunti hii miaka ishirini na minane, na wengi wetu pale tulikuwa watoto hao.

"Jarvis ndiye aliyenitayarishia bunduki," akasema.

Thurman akafunga mdomo.

"Kazi nzuri, kijana," akasema mwishowe, na wengine wakaitikia, wakampa mkono, ule wenye vidole vitatu, bila kusita.

Nilimvuta Delphia pembeni akiwa anafunga sanduku.

"Na kama ungepata mia mbili thelathini na tisa?"

"Ningepata mia mbili thelathini na tisa," akasema, akakaza kifungo.

Jarvis akanifuata. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na alinikagua kwa huruma.

"Mzee Clovis, samahani kuuliza. Yako uliisafisha lini?"

"Mwezi wa sita," nikasema.

"Mwezi wa sita!" Akatikisa kichwa, jinsi daktari anavyomtikisia mlevi. "Ndiyo maana, mzee. Bunduki ya gharama vile, unaitesa. Niletee Ijumaa. Jumamosi ijayo mna mechi ya kirafiki, si ndiyo? Utaona tofauti."

Nyuma yake Delphia alikuwa amesimama na sanduku mkononi, ananisikiliza. Kuna wanaume hapa Pigeon Fork ambao sijawaruhusu hata kuigusa bunduki ile. Mwanangu mwenyewe anaishika kwa glavu.

Ijumaa saa kumi nikavuka kijito nayo. Delphia alikuwa amepika maharage na mkate wa mahindi. Jarvis alikuwa ametandika gazeti kwenye meza ya jikoni, amepanga vitambaa, fimbo na dawa kwa mstari ulionyooka, na aliipokea bunduki kwa mikono miwili. Alifanya kazi saa nzima na robo. Aliongea muda wote, kuhusu jeshi, kuhusu kazi ya gereji aliyoisikia, kuhusu jina ambalo Renita anataka kumwita mtoto wakijaliwa. Mimi nilikuwa natazama kila kitambaa kikitoka na nta yangu ya miezi mitatu, na kila kimoja kilinikata maini. Cha mwisho kikatoka cheupe.

Akaunyanyua mtutu kuelekea dirishani, akachungulia mwanga ndani yake, akapiga mluzi.

"Tazama mwenyewe, mzee. Kama kioo. Kesho utanishukuru."

Nikachungulia. Kweli ulikuwa kama kioo, na kesho yake ungepiga kila kitu isipokuwa shabaha.

"Nakushukuru leo, mwanangu," nikasema.

Delphia alikuwa ametupa mgongo, anakoroga sufuria la maharage yaliyokwisha kuiva zamani, na mabega yalikuwa yanamtikisika.